Miito ya Mama Cecil

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mwalimu Veridiana Nandonde, Mama Cecil wetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Aliletwa chuoni kwetu hapa Masasi kufundisha muziki. Kufundisha alifundisha, ila muziki wenyewe wengi wetu tulichelewa kuuelewa.

Kwao ni Chilangala, juu Newala. Zamani maji yalichotwa bondeni, na kila mwanamke aliyepanda mlima na ndoo kichwani alikuwa na mwito wake usio na neno hata moja, ili walioko juu wajue nani anarudi, au nani amepata shida njiani. Bomba lilipofika, miito ikaanza kunyamaza. Mama Cecil akazunguka na kinasa sauti, akakusanya miito sitini na miwili, akaifanya nyimbo za kwaya: pumzi, vigelegele, ndimi zinazogonga kaakaa, sauti zinazopanda polepole kama ukungu wa asubuhi. Ukisikiliza unajikuta unaota macho wazi.

Mazoezi ya kwanza ya kwaya ya chuo, pale mtaani Mkomaindo, yalikuwa vituko. Kwaya ilipofikia mwito wa mtu aliyeanguka mlimani, mabibi wawili wa Newala waliohamia jirani walitoka mbio na kitanda cha kamba wakambebe majeruhi. Walipoelezwa hawakukasirika. Walikaa juu ya kitanda chao, wakasahihisha. “Mwalimu, aliyevunjika mguu havuti pumzi ndefu hivyo,” alisema Bibi Pili. Kwaya ikarekebisha.

Mwito mmoja tu hakuwahi kuufundisha: wa marehemu mama yake. Mwito hurithiwa na binti, naye Mungu alimjalia wavulana watatu. Mwaka jana akapasuliwa koo, akaambiwa sauti haitarudi yote. Tuseme kweli, tuliogopa. Mwito ule ulikuwa kwake peke yake.

Wiki iliyopita alituita ukumbini, wanawake kwa wanaume, akajaribu kuutoa. Ilitoka pumzi tupu. Akarudia mara tisa, mkono ukituonyesha wapi sauti inapanda, wapi mtu anatua ndoo apumzike. Mara ya kumi akaupata Anselmo, mtunza stoo wetu, kwa lile besi lake. Mama Cecil akafumba macho, akatabasamu huku machozi yakimtoka. Hakutaka Anselmo anyamaze.

Asante, Mama Cecil. Tunakuombea siku njema na ndefu huko Chilangala. Ukisikia mwito wa mama yako unapanda mlimani kwa sauti nzito ya kiume, bandika chai. Ni sisi, tunakuja kukusalimu.