Mstari Uliopigwa Pasi

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji ya mabasi, karibu na lango la kutokea. Mimi fundi viatu ndiye niliyelipigilia misumari, kwa hiyo nikimwambia mtu asogee, anasogea. Wanaokaa ni wale wale. Yupo Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, lakini hajawahi kushindwa kesi kwa kuwa hanyamazi. Yupo Betri, fundi umeme mstaafu, anayeitwa hivyo kwa sababu jioni ikifika chaji humwisha akasinzia katikati ya neno. Na yupo Taratibu, dereva wa basi la mlimani, ambaye kwenye mteremko ule hajawahi kumwaga hata maji ya abiria. Jioni ile alikuja na karatasi yenye mstari mmoja mweusi, akaiweka kwenye benchi, akaikalia. Nikajua leo kuna jambo.

Akatueleza. Jana yake mteremkoni alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini, mara moja tu, kisha ikarudi ikashika kama kawaida. Alipofika akaliegesha basi na kuripoti. Siku hizi kila basi lina kisanduku kinachoandika breki imekanyagwa kwa nguvu gani, kila kufumba na kufumbua. Ofisi ikakifungua, kijana wa kompyuta akachora mstari, na mstari ukasema breki haikuzama. Meneja akampa Taratibu achague: kesho alfajiri alitoe basi, au arudishe funguo na sare.

— Karatasi haina undugu na mtu, alisema Wakili. Mguu wako ni shahidi mmoja, tena shahidi mwenye kesi.

— Karatasi imepigwa pasi. Nilimwona kijana akiipiga. Mwanzo mstari ulikuwa na meno kama msumeno. Akabonyeza, meno yakaisha.

Hapo Betri akaamka. Alisema, na kwa hili simbishii, kwamba umeme wa kwenye gari hautulii. Injini inatetemeka, waya unachezacheza, barabara ina mashimo, na yote hayo huingia kwenye mstari. Ukiyaacha meno yote, utasoma kwamba basi linafunga breki huku limeegeshwa na dereva yuko chooni. Ndiyo maana watu wa kompyuta huchukua vipimo vinavyofuatana, wakavijumlisha, wakachora wastani wake.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Wakili.

— Hiyo inahusu nini? niliuliza.

— Inahusu wastani.

— Haya, alisema Taratibu. Breki imeshika, imeshika, imeshika, imekataa mara moja, imeshika tena. Wastani unasemaje?

— Imeshika, alisema Betri.

— Na mimi ilipokataa nilikuwa wapi?

Betri akafikiri.

— Ulikuwa ndani ya wastani.

Nilicheka, kisha nikajuta, maana Taratibu hakucheka. Mkewe ametoka kujifungua juzi juzi, mama mkwe yuko pale kulea, na sare ile ndiyo inayoinjika sufuria.

Wakili akadai meno yanaletwa na abiria, kwamba kila anayezungumza na wakwe zake kwenye simu anatikisa waya. Betri akakataa. Kwa maoni yake kisanduku kimeuzoea mguu mwepesi wa Taratibu, na siku alipokanyaga kwa nguvu kilishtuka kikazimia. Wakili hakukubali kuzidiwa. Alishauri Taratibu akanyage breki tangu langoni mpaka mwisho wa safari, wastani uwe juu, asipatikane wa kumlaumu.

— Na basi litaendaje? niliuliza.

— Hilo ni suala la injini. Mimi nashughulikia breki.

— Usife moyo, mdogo wangu, alisema Betri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kuvunjika kwa breki si mwisho wa safari.

— Ni mwisho wa safari, kaka. Ndiyo maana nakataa.

Akaivuta karatasi kutoka chini yake.

— Siikatai pasi yao. Meno mengi ni uchafu wa waya, najua. Nilichouliza ni kimoja: jino lipi ni uchafu, na lipi ni mguu wangu? Kijana akaniambia kompyuta haichagui, inalainisha yote. Basi nitachagua mimi. Silitoi mpaka fundi aingie chini ya lile basi aitazame breki kwa macho yake.

— Watampa mwingine funguo, alisema Wakili. Utakosa kazi, na basi litatoka vilevile.

Sitaficha, nilianza kuona Wakili ana hoja. Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka, unapendeza.

Ndipo akaja mwanamke nisiyemjua, mtoto mgongoni, mkononi kiatu kidogo kilichoachia soli. Alitaka nikishone leo hii kwa kuwa kesho wanasafiri, anampeleka mtoto kwa bibi yake.

— Samahani kaka zangu, ninyi mko hapa kila siku. Basi la mlimani la alfajiri ni zima? Ule mteremko unanitisha.

Wakili akafungua mdomo. Taratibu akamwekea karatasi mapajani.

— Msomee.

Wakili akautazama mstari, akamtazama mtoto, akaikunja karatasi.

— Dada, liko basi la bondeni. Linachelewa kidogo, lakini...

— Sijauliza la bondeni. Nimeuliza hili.

Jioni ilikuwa imeshaingia, na Betri alikuwa macho kabisa.

— Dereva wake ni mimi, alisema Taratibu. Na mimi mwenyewe silipandi.

Akachomoa funguo kiunoni, akaingia ofisini kuzirudisha. Tulimtazama mpaka mlango ukafungwa. Nikampokea yule mama kiatu, kisha nikawaambia wenzangu wasogee. Wakainuka. Tukalishika benchi huku na huku, tukalibeba na kuliweka katikati ya lango la kutokea, nami nikamwambia mama wa kahawa ajaze birika, leo tutakaa mpaka alfajiri. Wakili ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa.