Bwana Vifungo na Sindano Zake Mbili

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi hii kwa kuwa mimi ni mdogo wake, na kwa kuwa shemeji amesema akishika karatasi hii ataichana.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa baba yetu mwashi, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu udaktari mwaka 1989, na tangu hapo alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido ya hospitali, akitibu watu ambao ini lao limeharibika hadi mishipa ya damu kwenye njia ya chakula ikavimba na kupasuka, wakatapika damu. Mwaka 1992 alimuoa shemeji, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Tiba ilikuwa sindano ndani ya mshipa, na dawa zilikuwa mbili, ya kukausha mshipa na ya gundi ya kuuziba, kila daktari akisifu yake, kaka akasema huko ni kubahatisha na roho za watu, basi wagonjwa walioridhia wakapigiwa kura ya nani apate dawa ipi, ili mwishowe ijulikane ipi inaokoa zaidi, shemeji akashona mfuko, akatia vifungo, kila mgonjwa akatolewa kimoja bila kuchungulia, cheupe kukausha, cheusi gundi, na ndipo wenzake wakambandika jina la Bwana Vifungo. Gundi ikawa inaisha bohari ya dawa kwa miezi, kazi ya kulinganisha inasimama, inaanza, inasimama tena, naye anarudi nyumbani amenuna.

Ugonjwa wa ini, alioupata kwa kujichoma kwa bahati mbaya sindano ya mgonjwa kazini, ulimla polepole, na mwaka huu akatapika damu mwenyewe. Wenzake walimwambia wazi kwamba, ingawa majibu ya ulinganisho bado, wao wanaegemea gundi, naye akadai mfuko, akatia mkono, akatoa cheupe. Shemeji alimsihi achague gundi, mabinti walilia, mimi nilimwita mjinga mbele ya wauguzi, akajibu kwamba akijichagulia yeye tu, atakuwa amewadanganya wote waliokubali kura yake. Mshipa mmoja ulikauka, mwingine ukapasuka, akafariki Jumanne asubuhi, tarehe 6 Mei, katika chumba kilekile.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliobadilisha mashuka yale bila kukunja uso, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake. Nimewauliza madaktari kama gundi ingemwokoa, wamesema hawajui, mgonjwa mmoja hatoshi kuwa jibu.

Kaka, umeondoka bila jibu hilo na sisi umetuacha bila wewe, na nina hasira nawe ambayo sijui niipeleke wapi. Pumzika kwa amani hata hivyo.