Shati Alilolishona Mwenyewe

Basi halijatoka hata kituoni, na fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshafunga jela nusu ya mji. "Mwizi akikamatwa anapewa wakili, anapewa dhamana, anaitwa mtuhumiwa, jina la heshima kabisa," alimwambia mama wa kando yake. "Mimi niliyeibiwa napewa tarehe tu. Cherehani yangu imeokotwa mtaroni, polisi wameifungia, eti kidhibiti cha kesi. Sasa nishone kwa meno?"

Yule mama alikuwa amepakata mfuko wa sabuni na kandambili. "Mdogo wangu yuko mahabusu tangu mvua za mwaka jana," alisema bila kumtazama. "Hana wakili wala dhamana. Hiyo heshima yako haijamfikia."

"Basi kuna alichofanya. Lisemwalo lipo."

"Na huyo mwizi wako, ulimwona uso?"

"Uso wa nini, dada? Alikuwa anakimbia. Nilimjua kwa shati. Nililishona mwenyewe, kwa mkono huu."

Nilidhani amemmaliza mama kwa hoja. Mimi alikuwa ameshanimaliza.

"Ulimshonea yeye peke yake?"

Fundi alikohoa. "Ilikuwa sare ya kwaya."

"Kwaya nzima?" Sasa mama alimgeukia, na sauti ilikuwa imebadilika, kama mtu anayelijua shati hilo. "Basi kawafungishe wote, na mwalimu wao."

Utingo akagonga bati: mahakamani. Mama alishuka na mfuko wake. Nyuma yake alishuka fundi, shahidi wa siku hiyo, bado anafoka: "Mshono wangu siwezi kuukosea, dada. Hata gizani."