Mstari wa Edson Uwanjani

Kijiwe cha Akida muuza kahawa kiko nyuma ya goli la uwanja wa kata, pembeni mwa mji wa Geita: benchi moja, jiko la mkaa na birika jeusi kwa moshi. Asubuhi ile wote kijiweni walikuwa wakitazama mstari wa nyasi zilizokufa. Ulianzia katikati ya uwanja, ukakata kona ghafla, ukaishia nje kwenye changarawe. Juu yake kulikuwa na unga wa kahawia uliolowa umande. Aliyekuwa akiendesha mashine ya kukata nyasi uwanjani pale ni Edson, na Edson walimzika siku tisa zilizopita, baada ya bodaboda aliyopanda kugongwa na lori njia ya Katoro. Baba yake, mzee Sostenes, katekista wa kigango, alikaa mwisho wa benchi, kahawa yake imepoa.

Mkanda, mchimbaji wa zamani, alishikilia kuwa chini ya mstari ule kuna dhahabu, kwamba mwamba ukiwa na mali huunguza majani. Akida akasema ni njia ya nyoka mkubwa. Refa, ambaye jina hilo alilipata kwa kuamua ugomvi usiomhusu, aliwasikiliza, kisha akashusha sauti.

— Ule unga ni dawa. Kijana alitumwa na timu ya wageni. Dawa ikamgeukia.

— Refa, baba yake yupo, Akida akamkanya.

— Namwonea huruma. Ila watu wanasema hawaji kwenye arobaini ya mchawi.

Sostenes alisikia. Hakugeuka.

Ndipo akaja binti mmoja, vumbi la safari miguuni, mkononi ana paipu nene ya mpira iliyofungwa kwenye gazeti.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mayu, mama. Karibu kahawa, Akida akaitikia.

Alisema anaitwa Loveness, anauza vipuri Katoro, na anamtafuta Edson wa mashine. Edson aliahidi kurudi Jumamosi kuchukua paipu hiyo, hakurudi, na simu yake haipatikani.

Sostenes mwenyewe alimwambia habari za kifo, polepole, kama anayesoma somo kanisani. Loveness akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, paipu mapajani.

— Siku gani, baba?

— Alhamisi. Alikuwa anatoka Katoro.

— Basi alikuwa anatoka dukani kwangu.

Akawaeleza alichoambiwa na Edson. Paipu ya haidroliki ya mashine, inayopitisha mafuta, ilipasuka akiwa katikati ya uwanja, na mafuta yale yakiwa ya moto huua nyasi. Akakata kona, akaitoa mashine nje upesi yasienee. Kisha akaenda kwa fundi seremala kuomba unga wa mbao, akaumwaga juu ya mafuta ili uyanyonye. Akirudi na paipu mpya alikusudia kuuzoa, achimbue udongo ulioharibika, apande nyasi nyingine kabla ya mechi.

Refa alishika kikombe bila kunywa. Mkanda alivua kofia.

— Mchawi gani? Loveness akauliza, maana neno lile alilisikia akikaribia. — Unga huo Edson aliubeba mchana kweupe, kiroba kizima begani. Aliniambia alipita hapa hapa, mbele ya benchi. Hamkumuuliza anaupeleka wapi?

Akida akainamia jiko. Sostenes alikumbuka siku ile Edson alipopita na kiroba: shikamoo baba, na yeye akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa sababu Mkanda alikuwa anakaribia kumla kete ya drafti.

Kila alfajiri tangu mazishi Sostenes alikuwa akipiga magoti, akimwomba Mungu amsamehe Edson uchawi wake.