Nilirudi Nikakuta Wanagawana Mashine Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, maana anayewasalimu ni mtu aliyekwisha kuliliwa matanga.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule mtoto wa Butiama aliyeondoka na viatu vya kuazima kwenda kusoma Ulaya Mashariki, akarudi na diploma ya ufundi wa mitambo. Sisemi kwa majivuno, nasema ukweli: kwa injini za dizeli, kutoka Musoma hadi Bunda, mtamtafuta wa kunifikia mtachoka. Nilirudi miaka ile ya dhiki, sabuni inapangiwa foleni na sukari ni hadithi. Wenzangu walilalamika, mimi nikafufua mashine za watu zilizokuwa zimekufa. Biashara zilipofunguliwa, nikafunga mashine yangu ya kusaga pale Manyamanyama, Bunda, nikajenga nyumba ya saruji Iringo, hapa Musoma. Kwa mikono hii! Sikurithi hata kuku.

Mungu alinipa mke mwema, Mama Nyangeta, na mabinti. Mtoto wa kiume hatukupata. Mara nyingi mke wangu aliniambia, "Baba Nyangeta, nenda kwa wakili uandike wosia. Mila za kwenu nazijua."

Nami nilikuwaga namjibu, "Mtu wa diploma hajichulii. Anayeandika wosia anaita kifo kwa jina." Ndivyo tunavyoamini kwetu, ndugu zangu, msomi na asiye msomi: wosia ni uchuro.

Basi, nikiwa Mwanza kufuata vipuri, malaria ikanipanda kichwani. Nikalazwa sijitambui. Jirani yetu mmoja aliyekuwa huko akaja kuniona, akakuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa. Hakuuliza! Mimi nilikuwa nimehamishiwa wodi nyingine tu, yeye akapanda basi na habari ya msiba.

Nilipopata nafuu nilidandia lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, nikashuka Bunda. Nikasema nipitie kwanza Manyamanyama nione mashine. Ndugu zangu! Nilikuta injini imeng'olewa, nati zimetafunwa kwa patasi kama mfupa wa mbwa. Mama mmoja aliyesimama pale na debe la mahindi aliniona, akatupa debe, akakimbia akipiga yowe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekufa.

Nikadandia gari jingine, nikafika Iringo jua likiwa bado kali. Uwanja wangu umejaa watu. Nikasimama nje ya ua wa michongoma, nikasikia sauti ya kaka yangu mkubwa, Magesa.

"Marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Mashine nimeshaihifadhi kwangu. Nyumba itakuwa chini yangu. Na huyu Mama Nyangeta hatutamtupa, nitakaa naye mimi."

"Mimi si jembe la kurithiwa," mke wangu akasema, sauti imekauka kwa kulia. "Nimeokoka. Na mchanga wa nyumba hii nimeubeba kichwani."

"Shemeji, karatasi yake unayo?"

Ndugu zangu, swali lile lilinichoma kuliko sindano zote za kwinini! Karatasi angeitoa wapi?

Ndipo Shangazi Wakuru, dada yake marehemu baba, akapaza sauti. "Magesa, maiti umeiona?"

"Shangazi, tunasubiri kibali cha mafuta gari iende Mwanza."

"Ahaa! Mafuta ya kufuata maiti hakuna, ya kulainisha midomo mmeyapata wapi? Hakigawanywi kitu hapa mpaka nimwone huyu mtoto kwa macho yangu!"

Nikaingia langoni nikasema, "Shangazi, nitazame basi."

Hapo palichafuka! Wengine waliruka ua. Kaka alikalia sufuria la uji. Mke wangu alinipapasa uso na mabega kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nilipotaka kuingia ndani Shangazi akanizuia, kwa maana katika ukoo wetu mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango wa mbele. Mimi, mwenye nyumba, mwenye diploma, nikaingizwa kwa mlango wa jikoni! Na pale pale kati ya mafiga nikapiga magoti, nikamshukuru Bwana aliyenionyesha msiba wangu nikiwa hai. Wangapi hupewa neema hiyo?

Nilipopata nguvu nikaenda kwa wakili hapa Musoma. Nilitaka tufanye kimya kimya, akakataa. "Mzee, ukificha, watasema umeghushiwa. Mkeo ajue. Niletee shahidi wa nje na shahidi wa ukoo, wanaojua kusoma, wasiorithi kitu humu."

Nikampeleka Shangazi, na fundi mwenzangu mmoja awe shahidi wa nje. Wakili akamwuliza kwa upole kama anajua kusoma.

"Wewe kijana! Nilisoma elimu ya watu wazima, na cheti ninacho. Huyu wa diploma si unaona alikotufikisha?"

Wakili alicheka mpaka akavua miwani. Shangazi akausoma wosia kwa sauti, neno kwa neno. Nyumba ya Iringo ni ya Mama Nyangeta. Mashine ya Manyamanyama na kiwanja cha Buhare ni vya mabinti. Shamba la ukoo kule Butiama linabaki la ukoo, na Magesa ndiye mwangalizi wake. Akatia sahihi kwa herufi kubwa, akanirudishia kalamu. "Haya. Sasa kufa ukipenda."

"Shangazi, bado sana!" nikamjibu.

Na kaka? Aliposikia kwamba hakusahauliwa, aliirudisha injini mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe. Niliifunga kwa mikono yangu, na leo inanguruma.

Ndugu zangu, wosia haukuniua! Nimenenepa, mnaniona. Mke wangu analala usingizi. Nani kama Mungu wetu? Ewe baba uliyekaa hapo unaogopa uchuro, mtumaini Bwana anayeshika pumzi yako, usiogope kalamu. Njoo tu, nitakusindikiza mimi hadi kwa wakili. Ukimaliza, rudi nyumbani kwako, uingie kwa mlango wa mbele.