Bwana Kadi na Namba Zilizoruka

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia, dada mdogo wa marehemu anawasomea maisha ya kaka yake, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Kadi, naye hakuwahi kukasirika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1957 hadi 1963, kisha akapata mafunzo ya utunzaji stoo, na tarehe 1 Februari 1968 akaajiriwa katika stoo ya karakana, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2004, bila kupoteza hata nati moja, ingawa funguo za nyumbani alizipoteza kila wiki.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na wifi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1978, ambaye sasa ni muuguzi, na mdogo wake, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1982.

Jumapili tarehe 6 Oktoba 1985 marehemu alikwenda kumsalimia mama yetu, ambaye alimfungulia mlango, akamtazama usoni, akamwambia kwa heshima zote karibu, baba, lakini mwenye nyumba katoka, naye akakaa kwenye kiti cha wageni kwa mama yake mzazi, akanywa chai, akaaga. Tuseme wazi, kaka aliogopa, aliogopa kwamba ugonjwa ule wa kusahau umo katika damu yake na siku moja utamfikia.

Kesho yake alichukua kadi za stoo zilizokwisha kutumika, akaanza kuandika nyuma yake, na utaratibu wake ukawa huu, kwamba kila alichosoma jioni alifunga kitabu kwanza, akakiandika kwa maneno yake mwenyewe, jambo moja kadi moja, namba pembeni, na chini namba ya kadi inayohusiana nayo, kisha kila alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu, akazipanga mezani na kuandika kutokana nazo ukurasa mmoja kamili kabla ya chai. Mambo ya nyumbani nayo yaliingia humo humo, ndiyo maana kuvunjika mkono kwa mwanawe ni kadi namba 812, na chini yake imeandikwa, tazama pia 640, ngazi mbovu.

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 2016 alikwenda kuweka kadi mpya kwenye droo, akakuta nyingine yenye maneno yale yale, kwa mwandiko wake, ya siku mbili nyuma, na wifi alimkuta amesimama ameshika zote mbili. Tarehe 23 Januari 2017 daktari alithibitisha kile alichokuwa akikihofia miaka thelathini na moja, naye aliuliza swali moja tu, ataweza kusoma hadi lini.

Tangu siku ile ya droo, kila asubuhi mumewe alipoingia kuoga, wifi alipekua kadi mpya, roho mkononi, akisikiliza maji yasije yakakatika, akatoa zilizojirudia na kuzificha kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa, ambamo tumekuta mia mbili ishirini na sita. Akamwona mumewe ametulia, akashukuru.

Mwezi Mei 2021 marehemu alipata homa ya mapafu, akalazwa, na akafariki dunia Alhamisi tarehe 3 Juni, saa tisa alasiri, mkewe akiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea njia bila kumwaibisha, na wenzake wa karakana waliokuja kumsomea vitabu macho yake yalipochoka.

Shukrani ya mwisho ni ya marehemu mwenyewe, kwa mkewe. Wifi alisahau kwamba kila kadi ina namba, na mtunza stoo huona kilichopungua, kwa hiyo juzi, katika mfuko wa koti lake la kazi nyuma ya mlango, tulikuta kadi kumi na saba, za tarehe mbalimbali, zote zikisema karibu maneno haya haya, namba zinaruka, mke wangu anaziondoa ninazorudia ili nisiogope, naogopa, lakini asijue kwamba najua, ataogopa zaidi yeye. Mara kumi na saba aligundua upya, akashtuka upya, na kila mara akaamua kunyamaza. Wifi alizisoma jana mchana, akaomba zisomwe mbele yenu.

Pumzika kwa amani, kaka, kazi ya kukumbuka tuachie sisi.