Chupa Tano za Chachu Moja

Benchi letu liko mbele ya dirisha la Dona Eulália, anayeuza kahawa na mikate ya jibini kuanzia saa tatu asubuhi, wakati sote tumeshamaliza kukamua. Mji wetu huku milimani Minas, Brazili, hauna makuu, ila jibini tunayo, na kila mtu anaapa kwamba yake imeipita ya jirani. Siri ya jibini ni chachu, yale maji yanayodondoka kwenye jibini ya jana, unayakinga kwa ndoo na kuyatia kwenye maziwa ya leo. Lindaura, binti wa Dona Eulália, ana miaka mitatu akizichunguza chachu zetu kwa ruzuku ya jimbo. Alikusanya chupa kumi na mbili kutoka mashamba kumi na mawili, na maabara ikasema chupa tano, zetu zikiwemo, ni kitu kimoja. Sasa mkaguzi wa jimbo alikuwa njiani, kuona kama binti alijaza chupa tano kutoka ndoo moja kwa uvivu. Akiamini hivyo, ruzuku inakatwa.

— Mie nasema wanataka kutuibia, alianza Mheshimiwa. Tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kugombea udiwani akapata kura kumi na moja, na mkewe anakana kumpigia. — Serikali itoe hela mtu akusanye matone ya jibini? Hapo kuna jambo.

— Acha zako. Nani aibe chachu yako? akasema Bigode. Jina hilo maana yake ni masharubu. Aliyanyoa mwaka aliooa, jina likabaki. — Hao ni ng'ombe, bwana. Wanakunywa mto mmoja, maziwa yamezoeana.

— Wangu wanakunywa kisimani, nikamwambia.

— Basi ni upepo.

— Upepo uingie ndoo tano, uziruke saba?

— Upepo wa huku una watu wake.

Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amekaa mwisho wa benchi na begi lake, anakula mkate wa jibini taratibu. Tulidhani anangoja basi.

— Mnakosea wote, akasema Mheshimiwa. Wale wadudu wa chachu, ukiwatazama kwa ile hadubini ya Lindaura, wana miguu. Ni mashamba matano tu yenye uzio mbovu. Wanatembeleana.

— Umewaona wewe?

— Sijawaona. Nimewafikiria.

Dona Eulália akaweka birika chini.

— Endeleeni tu. Mwanangu hajala tangu jana. Wanamwita mwongo, na kila mmoja wenu alimpa ile chupa kwa mkono wake mwenyewe.

Tukainamia vikombe vyetu. Niseme ukweli, kila mmoja alijua kwa nini. Huku kwetu chachu ikikuharibikia unakwenda kwa jirani na ndoo. Hakunyimi, hakuulizi, wala hatamtajia mtu. Kukiri hadharani kwamba yako ilikufa ni kukiri kwamba jibini unayojisifia si yako. Wiki ile Lindaura alipopita kulikuwa na joto kali, na yangu ilikuwa imeoza. Lakini mtoto huyu nilimshika mimi siku ya ubatizo wake, na aibu ya kumwacha aonekane mwongo ilinizidi ile nyingine.

— Yangu ilikuwa ya Bigode, nikasema.

Bigode akatazama viatu vyake.

— Pole, kaka. Yangu ilikuwa ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa akakohoa kama anayetaka kuhutubia, kisha akaghairi.

— Mie nilipewa na mjane wa Tarcísio.

— Naye?

— Kwa padre, kwani kwa nani? Padre ana ng'ombe wake wawili.

Nikahesabu kwa vidole. Watano kamili. Dona Eulália alicheka huku anafuta machozi kwa aproni.

— Mtoto wangu anaumia macho kwenye hadubini, kumbe jibu limekaa hapa linanywa kahawa yangu.

Yule mgeni akajipangusa makombo vidoleni.

— Na padre aliipata wapi?

— Kwa babu yangu, akasema Mheshimiwa haraka.

— Na babu yako?

— Kwa shangazi yangu mimi, akadakia Bigode.

— Na shangazi?

Bigode akageuka. Akamtazama Mheshimiwa.

— Shangazi alikuwa akisema aliipata kwenu.

— Kwa hiyo ya kwanza kabisa ilikuwa ya nani? akauliza mgeni.

Tulitazamana, watu wazima watatu tuliokula jibini hiyo tangu hatuna meno. Mgeni akatoa kalamu na karatasi zenye mhuri wa jimbo.

— Mimi ndiye mkaguzi. Mwiteni Lindaura, tafadhali. Hajadanganya, ila kazi yake haijaisha. Nitaomba aongezewe miaka miwili ajibu hilo.

Dona Eulália alikwishakimbilia ndani, tukamsikia akimwita bintiye kwa sauti ya kupasuka kwa furaha. Mheshimiwa akasogea karibu na mkaguzi.

— Samahani, mama. Akigundua ilianzia kwetu, itaandikwa kitabuni?

— Itaandikwa.

— Na akigundua ilianzia kwa kina Bigode?

— Itaandikwa pia.

Mheshimiwa akafikiri.

— Basi hiyo miaka miwili naona mingi.